Mwaka wa Jua la Bure

Riziki alinipigia simu nikiwa dukani Ukunda, nikimweleza mteja tofauti ya paneli ndogo na kubwa. Hakusalimu. Alisema tu kwamba mama ametutoka alfajiri na kwamba maziko ni baada ya adhuhuri. Nikasema inna lillahi, kama nilivyojifunza nyumbani kwao ingawa mimi si wa dini yao, kisha nikamrudia mteja wangu na kuimalizia sentensi niliyokuwa nimeiacha katikati. Nataka hilo lijulikane mapema kunihusu. Mwanamke aliyenilisha mwaka mzima alikuwa akingoja kuoshwa, nami nilikuwa nikimwambia mtu kwamba jua halina bili. Mteja alicheka. Akanunua ile kubwa.

Nimevuka arobaini sasa na duka ni langu. Mjini huniita Mama Sola. Katika mikutano ya akina mama nimesifiwa mara nyingi kwamba nilianza na mikono mitupu, nami huinamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu. Mtaji wangu haukuwa mikono mitupu. Ulikuwa mwaka mmoja nilioishi kwa Bi Mwanakombo, kupita Msambweni, kwenye njia ya kwenda Bodo, nikiwa na miaka ishirini na sita na diploma ya kilimo ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Kampuni moja ya pampu za sola ilikuwa imenipa mkataba wa mwaka. Kazi yangu ilikuwa nitafute shamba dogo la mboga, pampu ifungwe pale bila malipo, nami nikae hapo hapo nilipendezeshe mpaka wakulima wa Kwale nzima waje kulitazama, wakirudi makwao wakanunue zao. Likistawi, ningeandikwa kazi ya kudumu. Likikataa, ningepewa mkono wa kwaheri. Nikamchagua Bi Mwanakombo kwa sababu shamba lake lilionekana kutoka barabarani, kisima chake hakijawahi kukauka, na aliyacheka maneno yangu ya kuchekesha.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mnene kidogo, mwepesi wa kutembea. Alikuwa na ekari moja lakini alilima pembe yake tu, kwa sababu hapo ndipo petroli yake ilipofika. Nilikaa naye wiki mbili kabla ya mitambo kuletwa, nikaona alivyofanya. Jumatatu na Alhamisi, Riziki binti yake alitumwa Msambweni na chupa ya soda, akarudi nayo imejaa petroli. Wakaiwasha ile mashine ndogo iliyokohoa kama mvuta kiko, na ikiisha kuwaka hakuna aliyezungumza. Mama alishika mpira wa maji, Riziki akafungua na kufunga mifereji kwa jembe, kila mmoja akikimbizana na chupa. Chupa ikiisha, wamemaliza. Siku nyingine zote walinyunyizia kwa ndoo yale matuta yaliyolia zaidi, na kisima kikapumzika. Aliniambia kwamba katika kila matuta matatu ya mchicha, moja ni lake, moja ni la mbegu na samadi, na la tatu anamlimia mwenye petroli. Alisema hivyo akicheka, lakini nilimwona akilitazama tuta la tatu kwa uchungu. Mimi nikaandika kwenye daftari langu la kazi kwamba kisima hakitumiki ipasavyo. Maneno hayo ninayo mpaka leo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Chumba changu kilikuwa kile cha kushoto ukiingia, nikilala na Riziki, yeye kitanda cha kamba chini ya dirisha, mimi cha mbao kilichokuwa cha marehemu baba yake. Kuta zilikuwa za udongo na mawe, hazikufika juu kwenye makuti, hivyo sauti zilizunguka nyumba nzima kama moshi. Nilikuwa najua mama amejigeuza upande gani. Nilijua akiamka kuswali, nikajua akikuna nazi, na kwa mlio wa kibao cha mbuzi nikajua kama nazi ni ya wali au ya samaki. Mimi ni mtoto wa bara, nimekulia kusiko na nazi, na nyumba ile ndiyo iliyonifundisha kula. Mchicha wa nazi, bamia na ngogwe, samaki wa kupaka Riziki akipata wa bei nzuri, na kila Jumapili asubuhi mbaazi za nazi na mahamri, ambayo mama aliyapika kwa ajili yangu, akisema kila mtu lazima awe na siku yake ya ibada. Jirani zake wakimwuliza huyu Mkamba anakufanyia nini humu ndani, aliwajibu mgeni njoo mwenyeji apone. Nilikuwa napenda kusikia akisema hivyo. Nilikuwa nikiamini kwamba mimi ndiye mgeni wa methali ile.

Fundi wa kampuni alipokuja kupima alisema kisima ni kifupi kwa pampu yetu, kichimbwe zaidi. Tukamwita mchimba visima wa pale kijijini, mtu wa maneno mengi ambaye hakuna aliyempenda, kwa sababu alizoea kupandisha bei kazi ikiwa nusu. Alichimba siku ya kwanza. Siku ya pili akapanda juu na konzi ya mchanga mweupe wenye vipande vya kombe, akaumwaga mbele yangu, akasema hapa ndipo mwisho. Nikamwuliza kwa nini. Akasema ndivyo wanavyofanya, wakifika kwenye mchanga wa kombe husimama, na babake alikuwa akisimama hapo hapo. Sababu nyingine hakuwa nayo, na papo hapo akataka alipwe kamili. Sote tulidhani anatafuta nyongeza. Nikamlipa nusu, nikampigia simu jamaa mmoja wa kwetu aliyekuwa akichimba mashimo ya vyoo vya mahoteli huko Diani. Akaja na vijana wawili, wakashuka kimo cha mtu mwingine mzima kwa siku tatu, wakiimba. Na hapa ndipo ninapojiona vibaya kuliko popote, maana yule mchimbaji hakujua sababu lakini mimi niliijua. Nilikuwa nimefundishwa. Karibu na bahari maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, mepesi juu ya mazito, na ukivuta sana yale ya juu, ya chini hupanda. Nililijibu swali la mtihani juu ya jambo hilo, nikachora na picha, nikapata alama nzuri. Lakini darasani niliacha mambo mengi, na hilo nililiacha pamoja na mengine.

Pampu ilianza kazi mwezi wa saba. Haikuwa na kelele. Jua likipanda ilijiwasha yenyewe na maji yakaanza kuanguka ndani ya tangi. Wanawake wa pale walikuja kusimama kulitazama bomba. Bi Mwanakombo aliweka mkono chini ya maji, akauacha hapo muda, akaniuliza petroli je. Nikasema hakuna.

"Leo hakuna, au na kesho hakuna?"

"Milele hakuna, mama."

Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Sitaki kudanganya kwa upande wa pili pia, kwa hiyo niseme kwamba miezi ile ilikuwa ya neema ya kweli. Lile tuta la tatu lilikuwa lake sasa. Alilima pembe ya pili, na ya tatu, na kufika mwezi wa kumi ekari nzima ilikuwa kijani, mchicha, biringanya, pilipili hoho, bamia, na spinachi ya kupeleka mahotelini. Jiko likapata mabati. Ijumaa tukala nyama. Riziki alinunua cherehani na kuanza kushona jioni, na kelele za cherehani zikachukua nafasi ya kelele za mashine ya petroli, ila hizi zilileta pesa badala ya kuzila. Nilikuwa nimewafanyia watu wema na nikauona kwa macho. Ndiyo maana baadaye iliniwia vigumu kuamini kwamba mkono ule ule ndio uliobomoa.

Kilichobadilika ni kidogo sana, na hakuna aliyekitaja. Zamani kila tone lilikuwa na bei. Sasa tangi lilijaa saa tatu asubuhi, likafurika, na maji yakaendelea kumwagika mchana kutwa. Tukachimba mfereji wa kuyapeleka kwenye migomba. Migomba ikashiba, tukayapeleka kwa mbuzi, kisha mama akataka kidimbwi cha bata. Kulikuwa na swichi ukutani. Siku moja Riziki aliizima saa nne kwa kuona maji yanapotea, na mimi nikaenda kuiwasha tena, nikamwambia kuizima ni kupoteza jua. Nimeliwaza neno hilo mara nyingi nikiwa peke yangu dukani. Petroli ilikuwa mlinzi wa kisima kile, mlinzi mchafu na mlafi, lakini mlinzi. Tulimfukuza na hatukuweka mwingine, na mtu pekee pale aliyelipwa mshahara wa kufikiria jambo hilo alikuwa mimi.

Dalili ya kwanza ilikuwa mbaazi. Jumapili moja ya mwezi wa kumi na mbili mama alizibandika alfajiri kama kawaida, na saa tatu zilikuwa bado ngumu. Akaongeza kuni, akaongeza maji, zikakataa. Akalaumu mbaazi zenyewe, kwamba ni za mwaka jana, tukala mahamri na chai. Chai nayo, maziwa yalikatika. Akamlaumu mwenye maziwa. Shambani ncha za majani ya hoho zilianza kuungua kama zimepitishwa kwenye moto, na mimi nikasema ni kaskazi, ni upepo. Spinachi haikuungua. Spinachi ilinenepa, majani mapana yanayong'aa, na watu wa barabarani walisimama kuisifu. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba mmea huo una urafiki na chumvi, unaivumilia pale wenzake wanapokufa. Wakati ule nilifahamu tu kwamba picha zangu zilitoka vizuri.

Mwezi wa kwanza nilipeleka mzigo Diani kwenye hoteli iliyokuwa ikituchukulia. Mpishi wao, kijana wa Kisumu mwenye masihara, alinipokea mlango wa nyuma kwa furaha. Aliniambia, "Sista, hiyo spinach ya mama yako ni noma. Mimi naiweka tu kwa sufuria na kitunguu. Chumvi siweki kabisa, ina chumvi yake." Akanionjesha kwa kijiko. Nilimeza, nikamshukuru, nikatoka nje nikakaa kwenye ukingo wa maua ya hoteli. Nilijua wakati ule. Sikuhitaji kupima.

Lakini kupima kulikuwa kazi yangu. Kampuni ilinipa kidude kama kalamu, ukikichovya ndani ya maji kinakuonyesha chumvi, na kila mwisho wa mwezi nilitakiwa nitume namba Nairobi. Miezi miwili sikupima, nilinakili ya mwezi wa kumi. Jioni ile nilipotoka Diani nilikichovya kisimani, nikaisoma namba, nikakipangusa kwenye sketi. Siku mbili baadaye bosi wangu alipiga simu. Wageni wa kutoka mjini walikuwa wanakuja kulitazama shamba. "Kamene, nataka hiyo shamba ikae fiti kabisa," alisema. "Na unitumie ile ripoti ya maji leo. Hawa watu wakiridhika, wewe tunaku-confirm, hiyo tushamaliza." Nikasema sawa. Nikatembea mpaka msikiti ulio barabarani, nikachota kikombe cha maji ya bomba pale nje, yale wanayotawadhia watu wanaokwenda kusimama mbele ya Mungu wao, nikachovya kalamu humo, na namba hiyo ndiyo niliyoituma. Mzee mmoja aliyekuwa akivaa viatu aliniuliza kwa upole kama nina kiu, akanikaribisha ninywe zaidi. Nikamshukuru nikaenda zangu.

Wiki ile ile, nikiwa kitandani nimejifunika kama nimelala, niliwasikia mama na binti upande wa pili wa ukuta, maana usiku ule Riziki alilala kwa mama yake. Riziki alikuwa akisema kwamba maji yamebadilika, kwamba sabuni haitoi povu, kwamba hoho za nyuma zimekufa zote. Alitaka pampu izimwe. Mama alimjibu taratibu kwamba ana macho na yeye ameona, lakini mwenye mtambo yumo humu humu ndani, amesoma, akiona kuna tatizo atatwambia. Riziki akasema na asiposema. Mama akasema, "Atasema. Mtoto wa watu huyu, tunakula naye sahani moja." Nililala macho wazi nikisikia pumzi zao mpaka zikawa za usingizi.

Asubuhi mama aliniuliza. Tulikuwa jikoni tukinywa chai ya rangi, kwa sababu maziwa tulikuwa tumeyakatia tamaa. Hakuniuliza kwa ukali. Alinisogezea muhogo wa kuchemsha kwanza. "Kamene mwanangu, maji haya vipi? Wewe ndiwe uliyesoma."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu la kweli, fupi, lenye dawa ndani yake: izime pampu, vuta saa moja kwa siku mbili za wiki kama ulivyokuwa ukifanya, rudisha mchanga ule chini, na kisima kingeweza kupona. Ningepoteza kazi, naye angepoteza nusu ya shamba na kubaki na maji. Badala yake nilimwambia ni ukame tu. Nikamwambia kiangazi maji hupungua na ladha huwa nzito, mvua za masika zikianza yatarudi kama zamani. Nilisema nikimtazama usoni. Alishusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akasema basi atakwenda kumwambia na Mejumaa, maana Mejumaa naye ana wasiwasi.

Bi Mejumaa alikuwa jirani wa upande wa chini, unaoelekea baharini, rafiki yake tangu wote wawili walipoletwa pale wakiwa maharusi. Kisima chake kilikuwa kidogo, cha kunywa na cha matuta machache ya kunde na mchicha aliyouza kwa mafungu. Hakuwahi kuwa na mashine ya aina yoyote. Alikuwa na ndoo na kamba. Hakungoja kuendewa. Siku ya pili alikuja mwenyewe, na mimi nikaingia chumbani, kwa sababu nilimwona kutoka mbali amebeba kikombe. Walikaa barazani, na kama nilivyosema, kuta za nyumba ile hazikuzuia neno. Bi Mejumaa alisema maji ya kisima chake yamekuwa ya chumvi na hayajawahi kuwa hivyo tangu aolewe. Alisema watu wanasema ni ule mtambo. Bi Mwanakombo akamwambia si mtambo, ni ukame, masika yatarudi. Mwenzake akamwuliza kama ana hakika.

"Wallahi, Mejumaa," alisema, "ni ukame."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nimeshika komeo. Bi Mwanakombo hakuwa mtu wa kuapa. Katika mwaka mzima sikuwahi kumsikia akilitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa biashara, hata na wachuuzi wa sokoni wanaoapa kwa kila fungu. Siku ile aliapa, na alichokiapia kilikuwa maneno yangu. Hatua tatu tu zingenitoa nje. Nilingoja mpaka nikasikia ndala za Bi Mejumaa zikienda zake, ndipo nikatoka nikauliza kama kuna nazi ya kukuna.

Wageni walikuja, wakala spinachi, wakapiga picha. Mvua za masika zilinyesha vizuri mwaka ule, na kwa wiki chache maji yalipata utamu kidogo. Nikashika jambo hilo kwa mikono miwili, nikajiambia kumbe sikudanganya, nilibashiri. Mwezi wa sita nikaandikwa kazi, nikahamia ofisi ya Diani. Mama alinifungia mahamri kwenye leso mpya na kulia. Mvua ziliisha. Kaskazi iliyofuata matuta yalifanya ukungu mweupe wa chumvi juu kama yamenyunyiziwa unga, hoho zikafa, bamia zikafa, na mwishowe hata spinachi. Niliyasikia hayo kwa simu, kwa vipande. Nikasikia kwamba kisima cha Bi Mejumaa kilikuwa kimeharibika kabisa, kwamba ananunua maji ya mkokoteni, na kwamba hao wawili hawasemezani. Riziki aliuza paneli, akaendelea na cherehani. Mimi nilipeleka sukari na mchele kila Ramadhani, kwa mtu wa bodaboda, nikiwa na shughuli nyingi. Nilikwenda mwenyewe mara mbili tu katika miaka yote hiyo, na mara zote mbili mama alinikaribisha kama binti, akanipa soda. Hakunipa maji. Hakuniuliza kitu tena, na mimi sikusema.

Siku hizi mkulima wa karibu na bahari akija dukani simwuzii mpaka apime maji. Humwuzia na boya la kuzima pampu tangi likijaa, na humwambia avute kidogo, akiache kisima kipumzike, hata kama jua linawaka bure. Wao hudhani ni ujuzi. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwambia nilijuaje. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema, na kilio changu kilikuwa kimengoja miaka kumi na mitano.

Nilifika msibani kabla ya adhuhuri. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani juu ya mikeka, na mwili ulikuwa umeshaoshwa na kukafiniwa, umelazwa chumba cha kushoto, kile nilichokuwa nikilala. Riziki alinikumbatia akanikalisha karibu na mlango. Bi Mejumaa alikuwa ukutani upande wa pili, amekonda, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. Watu walishangaa kumwona, nilisikia wakinong'ona. Kabla jeneza halijatolewa, mama mdogo wake Riziki alisimama akatangaza kama ilivyo desturi yao. Alisema marehemu alikuwa binadamu na aliishi na watu. Anayemdai aseme watoto wamlipe, na yeyote aliyekosewa naye amsamehe kabla hajaondoka, asiende na mzigo. Wanawake wakaitikia kwamba wamemsamehe. Sauti zikatulia, na ndipo Bi Mejumaa alipozungumza, akitazama mkeka.

"Mimi nimemsamehe yote, ila kisima. Kisima sijamsamehe. Na kuniapia uwongo sijamsamehe."

Mama mdogo alisema, "Mejumaa, tafadhali, mwenzio anangoja." Bi Mejumaa akasema hata yeye amengoja. Riziki aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti, na huko nje niliwasikia wanaume wakiuliza kama tuko tayari. Hofu iliyonishika ilikuwa ile ile ya nyuma ya mlango, haikuzeeka hata siku moja. Nilisimama kwa sababu niliona wazi kwamba nikikaa, yule mama atazikwa na deni langu.

"Bi Mejumaa," nikasema, "deni hilo si lake. Ni langu."

Akanyanyua uso. Nikamwambia yote, pale mbele ya watu, kwa sauti ambayo haikuwa ya Mama Sola. Nikamwambia mchanga wa kombe, na kalamu ya kupimia, na maji ya bomba la msikiti, na nani alilala macho wazi upande wa pili wa ukuta. Mtu mmoja alisema astaghfirullah. Bi Mejumaa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Aliponiapia, alikuwa akijua?"

"Aliona maji yamebadilika. Akaniuliza mimi kwa nini, nikamwambia ni ukame. Nilikuwa nimeshapima. Yeye aliniamini, akaapa."

Aliifungua leso usoni, akajipangusa, na nilipouona uso wake wote ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile hakuwa akililia maji peke yake. "Kumbe hakunidanganya," alisema, si kwa yeyote kati yetu. Akaegemea ukuta akasimama, akaenda mpaka mlango wa kile chumba, akaweka kiganja kwenye mwimo.

"Mchukueni," akasema. "Nimemsamehe kisima. Uwongo hakuwa nao."

Wanaume wakaingia. Nilikuwa nimepiga magoti, mikono mbele, na neno la kuomba radhi lilikuwa limeshafika mdomoni. Bi Mejumaa alinipita, akasimama, akanitazama kwa utulivu.

"Wewe u hai," akaniambia. "Wewe sina haraka nawe."